Wewe Baki Berlin Tu

Wolzenbach, 3 Septemba

Mdogo wangu Irmela,

Nakusalimu kwanza kwa cheo, kisha kwa jina, na lile jina la utotoni nimelimeza kwa sababu siku hizi hujui barua ya mbunge inafunguliwa na nani. Mimi mzima. Goti linaniuma mvua ikikaribia, lakini goti lililokanyaga klachi ya lori kutoka Lisbon mpaka Tehran lina haki ya kulalamika.

Jana redio ilikutaja mara mbili kabla hata ya habari za mpira. Eti serikali mpya ikiundwa, Irmela Rebholz ndiye anayetazamiwa kuwa waziri wa utamaduni wa nchi nzima. Nilikuwa baa kwa Gerlinde. Nikamwambia aongeze sauti, nikawatangazia wote mle kwamba huyo mnayemsikia nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli, na alipoanguka alitukana kwa Kilatini. Hawakuamini. Basi nikawahesabia kazi zako kwa vidole: mwalimu wa muziki, diwani, vipindi vinne bungeni, maktaba za vijijini ulizozikomboa zisifungwe, vikundi vya maigizo, majumba ya sinema ya miji midogo. Vidole vikaisha nikaanza vya Gerlinde. Bertram wa duka la matairi akadai utamaduni ni kazi ya majimbo, Berlin haina lake humo. Nikamwambia, Bertram, utamaduni wako wewe ni kupuliza tarumbeta kwenye sherehe ya wazima moto, tena unaipuliza vibaya. Wakacheka wote, hata yeye.

Sasa neno moja la kaka. Hiyo orodha yako ya kengele. Kila kanisa nchini limetakiwa kufungua mnara wake na kuandika kama lina kengele ya enzi za Hitler yenye maandishi ya aibu, ili ishushwe ipelekwe makumbusho. Wazo zuri, limetoka kichwa kizuri. Lakini kwa nini kengele? Hesabu masanamu. Hesabu majumba ya wafalme, yako chini, hayahitaji ngazi. Vijijini wamebaki wazee, wanataka kengele yao ilie tu, basi.

Ya kwetu, mimi kama mtunza kengele nimeshaijibia fomu. Nimeandika: hakuna maandishi. Mchungaji ametia sahihi bila kuvaa miwani. Kwa hiyo Wolzenbach mmeshamalizana nayo, nendeni kwingine.

Kula. Kwenye picha ya gazeti shingo yako imekuwa ya bata.

Kaka yako,
Ottmar


Berlin, 9 Septemba

Kaka Ottmar,

Sikutukana kwa Kilatini. Nilitukana kwa maneno uliyonifundisha wewe nyuma ya zizi, na mama alijua yametoka kwa nani.

Endelea kuniandikia kwa mkono, na utume nyumbani kwangu, si bungeni. Barua pepe zangu hupitia kwa watu sita kabla ya kunifikia, na Tiemann, mkuu wa ofisi yangu, huzipanga kwa rangi. Ni mtu mwema huyu Tiemann, tuko pamoja mwaka wa tisa, lakini sitaki ayajue ya shingo ya bata.

Unauliza kwa nini kengele. Wewe kati ya watu wote? Hotuba yangu ya kwanza bungeni ilikuwa juu ya nini? Babu Heinrich, mwenyekiti wa kijiji, aliyeificha kengele ya Wolzenbach mwaka 1942, watu wa Hitler walipokuja kuzikusanya kengele zote wakaziyeyushe kuwa mizinga. Nimeisimulia kwenye kumbi hamsini. Ndiyo iliyonifikisha kwenye kamati ya utamaduni: wenzangu walikuwa na hoja, mimi nilikuwa na babu.

Basi tega sikio. Orodha nitaizindua rasmi tarehe 24 Oktoba, na nitaizindulia Wolzenbach. Nitapanda mnarani na kamera mbili, nitasimama kando ya kengele ya babu, niiambie nchi kwamba walikuwepo waliokataa, na hii ndiyo sauti yao. Mwenyekiti wa chama ameipenda mno. Siku tatu baadaye majina ya mawaziri yanatangazwa.

Ipanguse kidogo na uniwekee taa nzuri huko juu.

Irmela


Wolzenbach, 13 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Heshima kubwa kwa kijiji. Gerlinde akijua atapaka rangi baa nzima.

Ila kuna popo.

Nilisahau kukutajia. Wameingia mnarani kiangazi hiki, ukoo mzima, bibi mpaka vijukuu. Na wewe unazijua sheria za popo katika nchi hii kuliko mimi: ukimkoholea popo unaandikiwa barua na ofisi tatu. Nilishaona daraja zima likisimamishwa kujengwa kwa ajili ya popo wanane. Mbunge akionekana kwenye televisheni anamulika popo kwa taa, hata uwaziri wa vyoo hapati.

Pia ngazi. Kuanzia kipago cha thelathini na mbili zimeoza. Mimi nazijua kwa miguu, napita kama paka, lakini mtu wa kamera ni mtu wa kilo.

Nakushauri hivi: simama chini, makaburini, mbele ya kaburi la babu. Kuna maua, kuna mwanga, kengele inalia juu, watu wanalia chini. Nimeona mazishi mengi kuanzia Naples mpaka Tabriz, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuiona kengele yenyewe.

Ninakufikiria wewe tu.

Ottmar


Berlin, 20 Septemba

Kaka,

Nimepiga simu ofisi ya mazingira ya wilaya. Mama mmoja mpole sana amesema hana taarifa ya popo wowote Wolzenbach, lakini amefurahi kusikia, na atakuja mwenyewe na mimi tarehe 24 awahesabu. Fundi wa ngazi anakuja tarehe 15. Usihangaike.

Halafu makaburini hapana. Nimekuwa mwanasiasa miaka ishirini na sita, najua maneno yanavyochuja. Watu wanahitaji kuweka mkono juu ya kitu. Nataka kuweka mkono juu ya kengele ile.

Una nini wewe? Barua yako ilikuwa na mizaha mingi mno. Ukiwa na shida huwa unachekesha zaidi.

Irmela


Berlin, 2 Oktoba

Ottmar,

Naandika upesi, samahani kwa mwandiko.

Juzi ilikuja barua bungeni, haina jina wala anwani ya aliyeituma. Vitisho si vipya kwangu. Tangu orodha itangazwe hupati wiki bila matusi, na hayo Tiemann ana jalada lake, hata sisomi. Hii si matusi. Nakunakilia kama ilivyo, maana nimeikariri bila kutaka:

"Mheshimiwa sana Bibi Mbunge. Tunawashauri Ninyi muachane na kengele za vijijini. Kengele zikifunuliwa zitasema mambo yatakayowadhuru Ninyi pamoja na jamaa zenu. Msipande mnara wowote. Wewe baki Berlin tu. Kwa salamu za kirafiki."

Umeona? Ameanza na Ninyi ya heshima, ile tunayomwita mtu tusiyezoeana naye, kama mtu wa benki. Mstari wa mwisho ameteleza akaniita wewe. Polisi wamekaa na neno hilo moja saa mbili nzima. Wanasema mtu hatelezi hivyo ila kwa mtu aliyezoea kumwita wewe. Si mgeni. Ni mtu ambaye nimeshikana naye mikono, tukaangaliana machoni, tukakubaliana kuitana wewe. Wakanipa karatasi niandike wote wa hapa Berlin ambao tunaitana hivyo. Wakafika kumi na mmoja. Ofisini kwangu yuko mmoja tu.

Tiemann hakuipenda orodha ya kengele tangu mwanzo. Alisema itatuletea watu wabaya mlangoni. Na habari ya mnara wa Wolzenbach ilikuwa bado haijatangazwa, Ottmar. Nilikuwa nimewaambia watu wanne.

Natembea barabarani nikihesabu hatua za wanaonifuata. Leo dukani mwanamume amenisalimu kwa jina nikaangusha mayai.

Imesema jamaa zangu. Mimi sina jamaa ila wewe. Funga milango, hata ule wa ghalani. Nashukuru kwamba yupo angalau mtu mmoja duniani ambaye sihitaji kumhofia.

Irmela


Wolzenbach, 5 Oktoba

Mdogo wangu Irmela,

Tulia. Vuta pumzi, kunywa kahawa, kaa.

Mimi nimetishwa na watu waliosomea. Pale mpakani Bazargan mtu alinishikia kisu kwa ajili ya katoni ya sigara, wala hakuniandikia mheshimiwa sana. Mtu anayetisha kwa salamu za kirafiki ni mjinga tu, mzee fulani asiye na la kufanya, anayependa kengele yake. Hawezi kukugusa. Naapa hawezi.

Na Tiemann mwache. Sijawahi kumwona lakini umeniandikia habari zake miaka tisa, mtu anayepanga barua kwa rangi hawezi kuchanganya Ninyi na wewe katika karatasi moja. Angejitundika. Waambie polisi wamwache kabisa, waandike kwamba kaka yako amesema.

La kufanya ni jepesi: ahirisha mnara. Mnara tu. Orodha iendelee, uwaziri upate, huku kwetu usije. Mjinga wako ataona ameshinda atanyamaza, nawe utalala.

Milango nimefunga. Nimeoka keki ya plamu imeungua.

Ottmar


Berlin, 10 Oktoba

Kaka,

Silali. Naweka kiti chini ya kitasa, kisha nakaa nakitazama.

Jumatatu polisi walipekua meza ya Tiemann mbele ya wafanyakazi wote. Hawakupata kitu, lakini hilo halikumsafisha, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama na sikusema neno. Nimemwambia akae nyumbani. Aliweka funguo juu ya meza, akavaa koti, akasema: "Nawatakia Ninyi kila la heri, Bibi Rebholz." Baada ya miaka tisa. Sikujua neno dogo linaweza kufunga mlango kiasi kile.

Jana mkewe alinisubiri chini ya nyumba yangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nina hakika, kwa sababu mumewe hali, na majirani wameshaona magari ya polisi kwao. Nikamwambia sina hakika. Akaniuliza basi kwa nini. Nikapanda ngazi mbio nikamwacha pale na mwavuli wake.

Hivi ndivyo nilivyo sasa, Ottmar. Namkimbia mama wa watu.

Nimeamua. Ijumaa tarehe 18 nitamwambia mwenyekiti wa chama aliondoe jina langu. Miaka ishirini na sita, na barua ya mistari sita imetosha. Mtu anayewaogopa wote anaowaita wewe hafai kusimamia hata maktaba ya kata. Na Tiemann polisi watamshitaki au hawatamshitaki, lakini hapa mjini hakuna tena mtu atakayempa kazi.

Ungekuwa karibu ningekuja kukaa jikoni kwako, nisiseme kitu.

Irmela


Wolzenbach, 12 Oktoba

Irmela,

Leo hakuna mzaha. Kama utaukuta mmoja, umejipenyeza wenyewe.

Ni mimi.

Barua ile niliiandika mimi. Niliipiga kwenye taipureta ya zamani iliyo kabatini kwenye ofisi ya usharika, vidole viwili, mchungaji akiwa kwenye ubatizo. Nikaendesha kilomita sitini nikaitie posta mji ambao sinunui hata mkate. Nilivaa glavu, Irmela, zile za kubadilishia matairi. Nilijiona mjanja kuliko Ulaya nzima.

Niliandika yote kwa Ninyi, maana nilijua mtu wa barua kama hizo hafahamiani nawe. Nikafika mwisho, nikakuona uko kwenye kipago cha thelathini na mbili na vile viatu vyako vyembamba, umeshika reli kwa mikono miwili kama ulivyokuwa ukinishika mgongo kwenye baiskeli. Nikasahau kwamba mimi ni mtu mbaya. Nikakwambia ubaki Berlin.

Sasa sikiliza kwa nini, kisha unitupe.

Babu hakuificha kengele. Hakuna aliyekuja kuichukua. Miaka kumi na moja iliyopita nilipoanza kazi hii, mzee Ewald aliyenitangulia alinipandisha juu, akanipa kitambaa na kopo la grisi, akasema mara mbili kwa mwaka, upande wa magharibi, wala usiulize. Alipokufa nikafuta grisi nikasoma. Nakunakilia, nami pia nimeikariri bila kutaka:

"Nilimiminwa mwaka 1935, Adolf Hitler alipoiamsha nchi. Mimi ni zawadi ya Heinrich Rebholz, mwenyekiti." Na alama ya swastika chini, kubwa kama sahani ya supu.

Walipozikusanya kengele za kila kijiji, hii waliiacha kwa sababu ilikuwa yao. Za vijiji jirani vya Waldhofen na Esch, zilizowaimbia wazee wa watu kwa miaka mia tatu, zilikwenda zikawa mizinga. Ya babu ikabaki inalia. Vita vilipokwisha akasema aliificha, na nani angepanda kumwuliza?

Nikaipaka grisi tena. Wewe ulikuwa umeshasema hotuba yako. Niliisikiliza ndani ya lori, mpakani Brenner, nikasimamisha foleni nzima kwa kulia. Mimi niliyefukuzwa shule na mwalimu aliyesema kichwa changu ni cha kuvalia kofia, mdogo wangu anasema bungeni na jina la ukoo wetu linapigiwa makofi. Ningekwambiaje? Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kila mwaka ukaisimulia mahali pakubwa zaidi. Kisha ukaja na orodha, nikaandika uongo kwenye fomu. Kisha ukataka kuja, nikaleta popo. Hakuna popo.

Nilidhani nitakutisha kidogo, kama mtu anavyomtisha mtoto asisogelee kisima. Sikujua kwamba nitakufanya uweke kiti chini ya kitasa. Sikujua kwamba Tiemann yuko. Yaani nilijua yuko, lakini sikujua kwamba ana mke na mwavuli.

Barua hii naituma kwa haraka ifike kabla ya tarehe 18. Nimemwandikia Tiemann ya kwake, kwa jina langu, anwani nyuma ya bahasha. Jumatatu naenda polisi. Nimemwomba fundi wa ngazi asije, nikampigia tena nikamwambia aje.

Naogopa, Irmela. Si polisi. Naogopa bahasha yako.

Ottmar


Wolzenbach, 20 Oktoba

Irmela,

Siku nane hujaniandikia. Ni haki yako. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lazima ulijue, si kwa ajili ya kusamehewa.

Polisi nilikwenda. Aliyekuwa zamu ni Reinhold, mtoto wa Gerlinde. Alicheka, akadhani naleta masihara yangu. Nikamwambia Reinhold andika. Akaandika, na kila alipofika mahali pa kuniuliza jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, mambo anayoyajua tangu ana meno mawili, sauti ilikuwa inazidi kushuka. Mwisho akaniomba radhi kwa kunichukua alama za vidole.

Mchungaji nimempandisha mnarani, akiwa na miwani. Alisoma, akakaa juu ya ubao, akaniuliza amebatiza watoto wangapi chini ya kitu hiki. Tangu Jumapili kengele hailii. Hujui siku ya kijijini ilivyo ndefu bila mlio wa saa. Kuna wasionisalimu kwa sababu nilificha, na wasionisalimu kwa sababu nimesema. Bertram alinisalimu. Alisema, "Ottmar, wewe ni punda, njoo unywe," nikanywa nimesimama nikarudi nyumbani.

Hayo yote nayaweza. Ninalokuandikia ni hili. Ijumaa walikuja wanaume watatu, gari la namba za mbali. Watu safi, viatu safi, mmoja amevaa tai. Walisimama muda mrefu chini ya mnara wakipiga picha. Kisha wakaja mpaka mlangoni kwangu wakanipa mikono mmoja mmoja. Walishasikia kwamba kuna mtu alimwandikia mbunge barua kuitetea kengele. Wakaniita mzalendo. Nikawaambia mmekosea mtu, mimi nilikuwa namtetea dada yangu. Yule wa tai akatabasamu kama daktari, akasema, "Tunakuelewa, mzee. Kengele itabaki, na dada yako ataelewa pia." Halafu akataja mtaa wako. Na namba ya nyumba. Na kwamba taa ya ngazi ghorofa ya pili imeungua.

Hakupaza sauti. Alinishukuru kwa muda wangu.

Nimelala kwenye kichwa cha lori la zamani, milango imefungwa, mimi niliyejisifu habari ya kisu cha Bazargan. Namba ya gari nimempa Reinhold na amepiga simu Berlin. Lakini usingoje simu. Hama leo. Nenda kwa rafiki, nenda hotelini. Na usije tarehe 24. Safari hii nasema bila kujificha, kwa jina langu, na sina cha kukuficha tena: usije.

Nilitaka kutisha kwa uongo, nikawaonyesha wenye kutisha kweli mlango ulipo.

Ottmar


Berlin, 22 Oktoba

Ottmar,

Nimehama. Niko kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, polisi wako chini. Taa ya ghorofa ya pili imeungua kweli.

Barua yako ya tarehe 12 niliisoma mara moja tu. Nilicheka mahali pa glavu, na nilichukia kwamba nimecheka. Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukaanza kunichekesha ukidhani yamekwisha.

Kwa Tiemann nilikwenda mwenyewe. Tulikaa jikoni kwake, mkewe akatuwekea chai. Amepokea ombi langu la radhi na lako; barua yako ameihifadhi, ameipa rangi ya kijani, sijui maana yake. Hatarudi. Alisema si kwa hasira, ila kila akifungua bahasha ofisini ataniona nimesimama pale kimya.

Tarehe 18 nilimwona mwenyekiti wa chama, nikamsimulia yote: babu, kengele, kumbi hamsini. Alinishukuru kwa uaminifu wangu, akanisindikiza mpaka mlangoni, na jioni redio ikataja jina la mtu mwingine. Utakuwa umelisikia kwa Gerlinde. Nilidhani litaniuma zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Si maandishi, hapana. Lakini nilifundisha watoto kupima ukweli wa wimbo kwa sikio, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza kengele ya kilo mia tisa mtu anaificha wapi. Ghalani? Chini ya kitanda? Nilikuwa naihitaji, nikaiacha. Kwa hiyo grisi tumeipaka wawili, wewe kwa kitambaa, mimi kwa hotuba.

Kwa sababu hiyo nakuja. Sina kamera, sina chama, nina mama wa popo tu, ambaye bado ana matumaini. Nitapanda, nitaisoma kwa sauti kubwa mpaka jina la babu, na jina la Hitler, na nitasema kwamba kwenye hotuba zangu nilisema uongo. Kisha ishushwe, hata kama itawachukua wiki. Wale watatu wakitaka, wasimame chini wasikilize. Reinhold ameahidi askari sita. Nilimwuliza wanatosha, akasema hajui.

Treni yangu inafika saa tatu na dakika kumi asubuhi. Usije kituoni. Wanakujua kwa sura, na sitaki tuonekane pamoja kabla ya kanisani. Nitatembea mwenyewe, ni dakika ishirini, nilizitembea utoto wangu wote.

Hapana. Nimekaa hapa nusu saa nikiutazama mstari huo. Njoo. Njoo na lori kama bado linawaka, usimame pale pale mlango wa treni utakapofunguka. Naogopa kupita kijijini kwetu peke yangu.

Irmela